Jenerali Aliyenidhamini

Siku ya kwanza Jenerali hakuniuliza jina. Aliniuliza bibi yangu alizaliwa wapi.

Nilikuwa nimesimama pembeni ya uwanja wa chuo, nimemshikia binamu yangu mkongojo wake. Binamu alikuwa ameumia goti, na mama yake, ambaye ni mama yangu mdogo na ndiye aliyenilea tangu nilipokuja Maskati, alikuwa amenituma nimpeleke kwa gari akawaage wenzake wa timu. Nilitaka amalize haraka nirudi gereji, Wadi Kabir, nilikokuwa nafanya kazi ya umeme wa magari. Chuo hakikunihusu. Nilisoma Tabora mpaka darasa la saba. Nilipoletwa huku Kiarabu changu kilikuwa cha kusalia tu, na shule niliyopelekwa niliikalia miezi mitatu bila kufungua mdomo, mpaka mama mdogo akaona afadhali nijifunze kazi ya mikono.

Uwanjani mabeki watatu walikuwa wamefungwa kamba ya katani kiunoni. Kamba ilikuwa moja, ndefu, na baina ya mtu na mtu palikuwa na hatua kama nane. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Jenerali. Kwa kawaida mabeki wanne waliingia kwenye kamba, wakaenda mbele na nyuma, kushoto na kulia, bila mpira, kwa muda mrefu. Kamba haikutakiwa kulegea wala kuvuta. Yeye alisimama mbele yao na filimbi ambayo hakuipuliza, akawaonyesha kwa mkono tu. Alisema mpira utakuja wenyewe, kwanza mtu ajue jirani yake yuko wapi. Siku hiyo kamba ilikuwa na mahali patupu, mahali pa binamu yangu.

Akanionyesha kidole, akaniambia kwa Kiarabu nije. Niligeuka nyuma kutazama anamwita nani. Vijana wakacheka. Binamu akanijibia kwa Kiswahili kwamba mimi ni mtoto wa mama yake mkubwa, kwetu Tabora.

Jenerali aliposikia Kiswahili uso wake ulibadilika. Akanisogelea.

"Mwache aseme mwenyewe. Kwani hana ulimi?"

Nikasema Tabora. Akauliza bibi mzaa mama alizaliwa wapi. Nikasema Tabora pia, lakini baba yake alitoka huku, upande wa Sharkia. Akauliza kijiji gani na watu gani. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kwa sababu hayo nilifundishwa na bibi mwenyewe kama mtu anavyofundishwa sura fupi. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama karani aliyepewa karatasi aliyokuwa akiingoja.

"Basi nnakujua," akasema. "Funga kamba."

Nikafunga. Hakuniuliza kama ni mwanafunzi. Langoni kulikuwa na askari, na mtu hapiti bila kitambulisho. Mimi nilipita kwa kuwa askari alimjua binamu. Jenerali hakulijua hilo. Alimwona kijana uwanjani, wa rika la wale wengine, ambaye kwao panajulikana, na kwake yeye hapakubaki swali. Nami ningeweza kusema. Lilikuwa neno moja tu. Lakini tayari nilikuwa na kamba kiunoni na watu wananitazama, na mimi nikitazamwa maneno hunikauka.

Mpira nilikuwa naujua. Nimeucheza kwenye vichochoro vya Tabora na kwenye kiwanja cha changarawe nyuma ya magereji. Kamba ile niliielewa mara moja. Ukimsikia jirani kwa kiuno, huhitaji kumtazama wala kuzungumza naye. Kwa mtu kama mimi ilikuwa raha ambayo sikuwahi kuipata mahali pengine. Tulipomaliza aliniambia kesho kutwa, laasiri. Nikaitikia kwa kichwa.

Ndani ya gari binamu alicheka mpaka akalishika goti lake. Akasema niende tu, mara mbili au tatu, mpaka apone. Hakupona upesi. Nami nikaenda msimu mzima.

Mwenye gereji alikuwa mtu wa bara kama sisi, akaniruhusu siku tatu kwa wiki, nikazilipa kwa kufanya kazi Ijumaa. Jenerali hakumwita mtu kwa jina. Alituita kwa mahali. Kulikuwa na Pemba, na Sur, na Nizwa, na kipa mmoja mnene aliyeitwa Bujumbura. Mimi nikawa Tabora. Baadaye, nilipokuwa natafuta kisingizio, nilijiambia kwamba hata yeye hakutaka kulijua jina langu. Hakikuwa kisingizio kizuri.

Habari za maisha yake tulizipata kidogokidogo, kwenye basi, au Qantab, kijiji cha pwani, ambako alitupeleka mara moja kwa wiki kukimbia mchangani na kupanda ile njia ya kilimani inayotoka kijijini. Baada ya kukimbia tulikaa kwenye mawe, tukala mandazi ya hiliki aliyotupikia mkewe, na yeye akazungumza. Hakujisifu. Mara nyingi alianza na kosa alilofanya.

Alizaliwa Unguja. Alikuja huku kijana, yeye na mama yake, na sanduku moja, bila karatasi yoyote inayosema wao ni nani. Wakati ule waliokuja hivyo walikuwa wengi. Alikwenda kambini kutaka kuandikwa uaskari, na karani akamwomba cheti. Hana. Pasipoti, hana. Kiarabu chake, akasema, watu walikuwa wakikiita cha karafuu. Wakamwambia aondoke. Pale nje alikuwepo afisa mmoja mzee aliyekuwa akinywa kahawa. Akamwita, akamuuliza bibi yake alizaliwa wapi. Akamjibu. Yule mzee akaingia ndani, akamwambia karani: mwandike, mimi ndiye dhamana yake.

"Kwa neno hilo tu," alitwambia. "Hakuna hata picha. Ningekuwa mwongo, yule mzee angefungiwa mlango na watu wake wote."

Akapelekwa kitengo cha redio kwa sababu alikuwa amesoma Kiingereza skuli Unguja. Alikaa miaka milimani kusini wakati wa vita. Alituambia kwamba mara ya kwanza alipopewa watu wa kuwaongoza alipotea nao kwenye ukungu, wakazunguka kilima kimoja usiku kucha wakidhani wanasonga mbele, na asubuhi wakajikuta mbele ya jiko lao wenyewe. Hapo sote tulicheka, naye akacheka. Akapanda cheo kwa cheo. Kila kambi aliyopelekwa aliunda timu ya mpira, kwa sababu, alisema, askari asiyekuwa na kazi ni hasara. Alipokuwa tayari afisa mkubwa chuo kikamwomba awafundishe vijana wake, akakubali. Kwa miaka kadhaa alikuwa akitoka ofisini na kuja uwanjani na sare na nyota zake, akavua viatu vya jeshi pembeni na kuvaa vya mpira. Alipostaafu, akiwa amefika ujenerali, watu walidhani atapumzika. Badala yake akaanza kuja mapema zaidi.

Habari ya yule afisa mzee niliisikia nikiwa nimekaa jiwe la pili kutoka kwake, na andazi mdomoni. Nikalitoa, nikalifumba mkononi. Pemba, aliyekuwa jirani yangu kwenye kamba, alinitazama kisha akatazama bahari. Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua. Waliniona sijawahi kuwa darasani wala kantini, na binamu hakuficha. Walichofanya ni kukaa kimya, kwa sababu tulikuwa tunashinda, na kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa yeye wa kumwambia.

Kabla ya mashindano ya vyuo ilitakiwa orodha. Mwanafunzi aliyekuwa katibu wa timu aliiandika, na kwenye nafasi yangu akaliacha jina la binamu na namba yake ya chuo. Hakuniuliza. Alinikonyeza tu. Jenerali akaipokea orodha pale pale uwanjani, akatuhesabu kwa kidole kama anavyohesabu askari wa zamu, kisha akayahesabu majina. Vichwa kumi na sita, majina kumi na sita. Akaiweka karatasi juu ya paja, akatia saini.

Mimi nilikuwa kichwa cha kumi na sita.

Tukashinda mechi ya kwanza na ya pili. Nusu fainali tulipangwa na chuo kimoja cha upande wa Sib. Wiki moja kabla, kijana mmoja alikuwa ameleta gari lake gereji likivutwa, betri imekufa. Nilimfungia betri mpya na kumsafishia vichwa vya nyaya, akakaa karibu akinitania kuhusu Kiarabu changu. Alikuwa mchangamfu. Siku ya mechi, tulipopanga mstari kupeana mikono, nikamkuta ndiye nahodha wao.

Alinishika mkono hakuuachia. Akauliza: wewe si fundi wa betri? Nilitabasamu kama mtu asiyeelewa lugha, nikapita.

Tukawafunga moja bila. Siku mbili baadaye chuo chao kikapeleka malalamiko kwenye kamati ya mashindano.

Jenerali alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa anacheka. Akasema wameshindwa uwanjani sasa wanataka kushinda ofisini, nivae vizuri, atanipitia. Nilipaswa kumwambia pale kwenye simu, ambapo hanioni. Badala yake nilimuuliza saa ngapi.

Ilikuwa ofisi ndogo yenye meza ndefu na watu watatu wa kamati. Mwenyekiti alikuwa amewahi kutumikia jeshi chini ya Jenerali, na alipomwona anaingia alisimama wima mpaka Jenerali alipokaa. Upande wa pili alikaa mwalimu wa timu yao, mtu mpole, na karatasi zake zimepangwa vizuri. Akaeleza kwamba nahodha wake amenikuta gereji Wadi Kabir nikifanya kazi ya ufundi, na anaomba tu nionyeshe kitambulisho cha chuo.

Jenerali alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba vijana wengi hufanya kazi baada ya masomo na kwamba kwake hiyo ni sifa. Mwenyekiti, kwa adabu, akasema ni jambo la desturi tu, kitambulisho kikionekana faili linafungwa.

Jenerali akaweka mkono juu ya meza. Aliyosema aliyasema kwa Kiarabu, na Kiarabu changu kilikuwa kibovu, lakini hayo niliyaelewa neno kwa neno. Alisema: "Saini ni yangu. Huyu namjua kwao. Mimi ndiye dhamana yake. Miaka yote uliyokaa chini yangu, uliwahi kunisikia nikisema kitu kisichokuwa?"

"Hapana, bwana," akasema mwenyekiti.

Akalifunga faili. Ndipo Jenerali akanigeukia, akaniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeaga:

"Una la kusema, mwanangu?"

Ilikuwa heshima tu, asinipite kama kiti. Hata hivyo aliuliza, akangoja. Watu watano walinitazama. Nikatikisa kichwa kwamba sina.

Yule mwalimu wa upande wa pili akakusanya karatasi zake, akazunguka meza, akamwomba Jenerali radhi kwa usumbufu. Jenerali akampa mkono na kumwambia hapana neno. Hilo ndilo linalonirudia zaidi kuliko yote ya siku ile. Mwenye haki ndiye aliyeomba radhi, na nilikuwa nimesimama baina yao, karibu kiasi cha kuweza kuwagusa wote wawili.

Fainali tulishinda. Sitaieleza, sikuwa na furaha nayo, ingawa nilicheza vizuri kuliko siku zote.

Wiki iliyofuata Jenerali alitupeleka Qantab, safari hii si kukimbia. Alinunua samaki kwa wavuvi, tukachoma, tukala na wali uliotoka kwa mkewe. Wakati wa kurudi aliwaacha wengine waende na basi, mimi akanitia kwenye gari lake. Juu ya kilima, pale barabara inapoanza kuteremka upande wa mjini, akaegesha. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa mlango.

Akasema amekwenda kumwona rafiki yake anayeshughulika na mafunzo ya maafisa. Amemweleza habari zangu: kwamba nina utulivu, kwamba nasikiliza, na kwamba ukinisimamisha mahali naelewa kwa nini nimesimamishwa. Nikimaliza chuo watanichukua. Kilichobaki ni mambo madogo ya kujaza. Akaiweka karatasi juu ya usukani, akafungua kalamu.

"Haya nambie. Uko mwaka wa ngapi, na unasoma nini hasa?"

Mpaka siku ile nilikuwa sijamwambia uongo hata mmoja kwa mdomo. Nilikuwa nikijishikilia hapo. Yeye anadhani, mimi sisemi. Sasa ilibidi nitunge kitu na aandike kwa mkono wake. Niliitazama ile kalamu.

"Ami," nikasema, "mimi si mwanafunzi."

"Umeacha?"

"Sijawahi kuwa."

Gari moja likapita, likapiga honi kutusalimu. Yeye akainua mkono kuitikia, kwa mazoea.

"Na siku ile kwenye kamati?"

"Siku ile pia, Ami."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Akaifunga kalamu, akaitia mfukoni mwa kanzu. Nilidhani atanipiga, na ningeshukuru. Akauliza kama wenzangu wanajua. Nikasema wanajua.

"Pemba anajua?"

"Ndiyo."

"Bujumbura?"

"Wote, Ami."

Hapo ndipo nilipoona limemwingia. Mimi nilikuwa mtoto wa gereji aliyemfahamu kwa msimu mmoja. Wale wengine alikuwa nao miaka miwili, mitatu. Aliwalisha, alikwenda kwenye misiba yao. Alikaa ameshika usukani kwa mikono miwili ilhali gari limezimwa. Kisha akawasha, akaniendesha mpaka mlangoni kwa mama mdogo, akangoja niingie ndani kama alivyokuwa akingoja siku zote.

Kesho yake alikwenda kwenye kamati. Hakuniita. Nilizipata habari kwa binamu, ambaye alizipata kwa katibu wa timu, aliyetakiwa alibebe kombe. Jenerali alisimama mbele ya ile meza ndefu, hakutaka kukaa. Akasema: nimetoa ushahidi wa uongo katika chumba hiki. Mwenyekiti akataka kuandika kwamba Jenerali alidanganywa na wachezaji. Akakataa. Akasema aliulizwa kitambulisho akatoa neno lake badala yake, na neno halikuwa kweli, basi waandike hivyo. Kombe likapelekwa kwa wale wa Sib. Chuoni aliomba adhabu ya binamu iwe onyo tu, kwa kuwa saini haikuwa ya binamu. Wakamkubalia. Wakamshukuru kwa miaka yake yote, wakamtafuta mwalimu mwingine.

Siku yake ya mwisho alikuja uwanjani akawaambia vijana mwenyewe. Binamu alikuwepo. Alisema Jenerali hakumuuliza mtu kwa nini hakumwambia. Aliwaambia wamecheza vizuri na kosa ni lake, akaenda kwenye gari. Katibu alikuwa analia. Hakuna aliyethubutu kumfuata.

Mama mdogo alipozisikia habari hizi alikaa kitako jikoni, sakafuni. Aliniambia: umetuvua nguo mbele ya watu. Akaniambia niende nikamtake radhi Jenerali nyumbani kwake, na nisiende mikono mitupu. Nilikubali, na kila siku nikapata sababu ya kwenda kesho. Gereji kulikuwa na kazi nyingi. Nikakaa wiki tatu.

Nilikwenda siku ya Ijumaa, baada ya sala, na halua kwenye bakuli. Mkewe ndiye aliyenifungulia. Ni mama wa Unguja, mnene, mwenye maneno mengi, na alikuwa hajawahi kuniona, lakini niliposema natoka Tabora alinijua mara moja. Akapiga kelele kuelekea ndani: Tabora wako huyu, kaja. Nilimshangaa alivyonifurahia.

Jenerali alikuwa barazani ndani, na gazeti. Nikamsalimia, nikakaa kwenye ncha ya mto wa kukalia. Mkewe alipokwenda kuleta kahawa nikamwambia kile nilichokuja kusema. Nilikuwa nimekikariri ndani ya gari. Nilisema nimekuja kutaka radhi. Hakuniacha nimalize.

"Nimekusamehe," akasema. "Duniani na akhera. Yamekwisha."

Akauliza hali ya mama mdogo, na goti la binamu. Akauliza kuhusu betri, ipi inayostahimili joto la huku. Nikamjibu. Msamaha wake ulikuwa wa kweli, mtu yule hasemi asichokusudia. Lakini ulikuwa kama ule anaopewa mtu aliyekukanyaga mguu msikitini, nami nilikuja na kitu kikubwa zaidi nikabaki nacho mikononi.

Mkewe akarudi na kahawa na mkate wa kumimina. Akakaa nasi. Akaanza kumlalamikia mumewe mbele yangu, kwa utani, kama wanavyofanya watu waliokaa pamoja siku nyingi.

"Tangu auache huo mpira wake anashinda hapa. Laasiri ikifika anainuka, anavaa viatu, anakaa tena. Mimi n'namuuliza, kulikoni? Ananambia kachoka. Mtu kapanda milima yote ile na mabunduki, leo kachokeshwa na watoto wa chuo?"

"Mwache mtoto anywe kahawa," akasema Jenerali.

"Si naye ni mtoto wako. Wewe Tabora, mwambie. Wewe anakupenda, alikuwa hana habari ila zako. Mwambie arudi."

Nikaelewa kwamba mkewe hajui. Jenerali alikuwa amekwenda kujitia aibu mbele ya kamati na mbele ya chuo, akarudi nyumbani akasema amechoka. Alikuwa amenihifadhi hata kwa mkewe. Nilimtazama. Yeye alikuwa anakitazama kikombe chake. Na mimi, ambaye nilinyamaza kwenye kamba, kwenye orodha, mbele ya nahodha, kwenye simu na mbele ya meza ndefu, nikaona kwamba hii ndiyo nafasi yangu ya kutonyamaza.

"Hakuchoka, Mama," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja, na hayakukauka. Nikamwambia kuhusu namba ya binamu, na saini, na yale aliyonisemea mbele ya mwenyekiti. Nikamwambia kwamba kombe lilirudishwa. Nilipofika kwenye neno la ushahidi wa uongo niliona hanitazami tena. Alikuwa anamtazama mumewe.

"Ndiyo maana hukutaka twende kwenye ile harusi," akamwambia.

Mkewe akakusanya vikombe, changu na chake, na cha mumewe ambacho kilikuwa bado kimejaa, akavipanga kwenye sinia kimoja kimoja, akaenda navyo jikoni. Hakurudi. Mimi nikabaki na wepesi kifuani ambao ulidumu kama dakika moja. Kisha nikauona uso wa Jenerali. Alikuwa na mahali pamoja palipobaki ambapo yeye bado ni Jenerali aliyechoka akapumzika, na mahali hapo palikuwa ndani ya nyumba hii, kwa mwanamke huyu. Sikukivunja kimya changu kwa ajili yake. Nilikivunja nipate kulala.

Alinisindikiza mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeinama kutafuta ndala zangu aliposema, bila hasira, kama mtu anayemrekebisha beki aliyetoka mapema:

"Siku ile nilikuuliza, ukanyamaza. Leo hakukuuliza mtu."

Nikasema shikamoo, ijapokuwa nilikuwa naondoka. Akaitikia marahaba, akasimama pale mpaka nilipowasha gari.